Barua kwa mwanangu Zuhra, kuhusu ile faulo ya tano

Zuhra mwanangu, marahaba. Voisi yako nimeisikia mara mbili, mama yako naye kaisikia, umetuumiza kwa kile kilio. Kutolewa kwenye mechi ya kikapu kwa faulo tano robo ya tatu inauma, mi mwenyewe ilishanikuta hapa hapa Tanga nikaenda kukaa Raskazone mpaka magharibi sitaki kuongea na mtu.

Ila klipu ya mechi nimeistopisha pale pale kwenye faulo yako ya tano. Unasema yule dada alikupiga kumbo na refa kakuonea, sasa hebu uangalie mguu wako wa kushoto, bado uko hewani, na kiuno umekitoa nje kumfuata wakati yeye keshaanza kupita. Hiyo ni bloku mwanangu, umemzibia njia umechelewa. Ungemuwahi, ukamkalia mbele miguu yote miwili chini, umemwelekea, halafu ndo akuvae kifuani, hapo ni chaji na faulo inakuwa yake. Na hulazimiki kuganda kama mnazi, ukishamuwahi unaruhusiwa kusogea pembeni au kurudi nyuma. (Usichanganye na bloku ya kupangua shuti, zile za Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyecheza NBA, jina moja mambo mawili.)

Chukulia kila mchezaji kasimama ndani ya pipa refu linalopanda juu, ukiruka na mikono wima upo kwako, ikiinamia mbele ikamgusa ushaingia pipa la mwenzio. Halafu ule mkono wako unaopenda kukaa kiunoni kwa mtu unayemkaba, nimeuona mara tatu kwenye klipu fupi vile, uutoe kabisa, huo ndo unakumalizia faulo bila wewe kujua.

Na usiite kila kitu rafu. Kushika, kusukuma, kumbo, ngwala, hivi vilikatazwa tangu Naismith, aliyeuanzisha mchezo huu, anaandika sheria 13 kule Marekani 1891, na kila kimoja kina dawa yake, kumbo dawa yake bega, bloku dawa yake miguu. Ukisema tu "ananionea" mazoezini utarekebisha nini?

Timu pia inaumia, maana timu nzima ikishafikisha faulo ya tano kwenye robo moja wapinzani wanapewa mitupo huru miwili hata kama hawakuwa wanashuti.

Ukija likizo twende uwanjani alfajiri kabla ya jua, nitakujia kwa kasi upande ule ule wa kushoto, uniwahi. Mama yako anauliza goti limepungua kuvimba?

Baba