Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: maiti wa Shakahola wana wenyewe

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Malindi. Nina jirani, mama wa makamo, ambaye tangu 2023 simu yake haizimwi. Usiku huilaza kando ya mto, sauti juu. Nilimsindikiza siku aliyotolewa sampuli ya DNA, yaani vinasaba, ili mwanawe atafutwe kati ya maiti wa Shakahola: akasukutua kwa maji, akasuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, kijiti kikatiwa ndani ya bahasha. Dakika mbili hazikuisha. Akauliza, "Jibu nalingoja hapa hapa?"

Makaburi ya msitu wa Shakahola, huku Kilifi, walikozikwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa, yalianza kufukuliwa Aprili 2023. Familia ya kwanza ilikabidhiwa watu wake, miili minne, Machi 2024. Kufikia hapo miili 429 ilikuwa imefukuliwa, na 34 tu ndiyo iliyotambuliwa. Siwalaumu wataalamu. Mwili uliokaa udongoni katika joto la huku kwetu huoza, na DNA nayo hukatikakatika. Inabidi uchukuliwe mfupa wa paja au jino la gego, lisagwe liwe unga, ndipo vinasaba vitafutwe humo, na pengine kazi yote irudiwe. Kemikali zake ni ghali na zina tarehe ya kuharibika. Zikiisha, mashine husimama hata kama mtaalamu yupo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifahamu. Kumtambua maiti ni rahisi zaidi akilinganishwa na mzazi au mwanawe. Lakini Shakahola iliwameza baba, mama na watoto pamoja. Aliyebaki ni shangazi au binamu, na kadiri udugu unavyokuwa wa mbali ndivyo uhakika unavyopungua. Hapo ndipo utafiti unapohitajika: kufuatilia vinasaba vya upande wa mama na vya upande wa baba, na kujua ni alama zipi za vinasaba zilizoenea katika jamii zetu, ili hesabu isitegemee takwimu za watu wa kwingine.

Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, Kilifi hii hii. Miili ikaletwa Malindi tena.

Naomba kutambua maiti kwa DNA kuwe na fungu lake katika bajeti, la kila mwaka, lisilongoja mkasa. Sehemu yake iende kwenye utafiti huku Pwani. Mjini Kilifi kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome kilichosoma jenomu, yaani vinasaba vyote, za virusi vya korona, na Chuo Kikuu cha Pwani ki papo hapo. Tena sampuli za jamaa zitumike kuwatafuta wafu wao tu, si kuwapeleleza walio hai. Bila ahadi hiyo, wengi hawatakubali kufungua mdomo.

Jirani yangu hajaweka matanga. Nguo za mwanawe zimekunjwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, na akipigiwa na namba asiyoijua, husimama kwanza ndipo apokee.

Mkazi wa Malindi