Kozi za mtandaoni zituulize maswali

Mhariri,

Mimi ni karani wa stoo kwenye shamba la mkonge huku Pongwe, Tanga. Nasoma utunzaji wa hesabu mtandaoni, kwa simu, usiku watoto wakishalala. Kozi moja nimeimaliza, nyingine niliiacha njiani, na naomba nafasi nieleze sababu.

Ile niliyoiacha ilianza na video ya saa moja na dakika 40. Mhadhiri anasoma slaidi neno kwa neno, sauti ileile mwanzo hadi mwisho. Bando langu la wiki liliisha hata hajafika kwenye urari, ile orodha ya kulinganisha jumla za pande mbili za hesabu. Nikaweka lingine, nikaanza upya maana sikukumbuka tulipoishia. Ikafuata faili la kurasa 84, kisha mtihani. Wiki sita nzima hakuna aliyeniuliza swali lolote kujua kama naelewa. Kilichoniuma kuliko ada ni kwamba nilianza kuamini mimi ndiye mzito.

Kozi ya pili ilikuwa kwenye Moodle, mfumo wa bure uliopo tangu mwaka 2002. Kila kipande cha video kilikuwa cha dakika tano au sita. Kikiisha, linatokea swali, na hufunguliwi kinachofuata mpaka ujibu. Usiku mmoja niliulizwa: stoo imepokea marobota 40 ya singa, yaani nyuzi za mkonge, yametoka 26, jioni yamehesabiwa 13, utaandika ngapi kwenye safu ya yaliyohesabiwa? Nikajibu 14, kama daftari linavyotaka. Papo hapo nikaandikiwa: "Hapo andika ulichokiona kwa macho, kisha utafute robota moja limekwenda wapi." Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Robota moja ni kilo 250, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika linachosema daftari. Asubuhi yake niliingia stoo na chaki, nikaweka alama robota moja moja.

Mwalimu wa kozi hiyo ya pili ndiye aliyetueleza kuhusu utafiti wa mwaka 2014 wa video za masomo ya edX, jukwaa la kozi za mtandaoni: hata video iwe ndefu vipi, kwa kawaida mtu huitazama dakika sita au pungufu. Alitugawa pia watu watano watano kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenzetu anayeuza samaki kwenye soko la Deep Sea hapa Tanga aliuliza samaki walioharibika huandikwa wapi, tukabishana hadi saa tano usiku. Kesho yake mwalimu akatuma ujumbe wa sauti wa dakika mbili, akataja hoja ya kila mmoja wetu. Ujumbe wa sauti haumalizi bando, na hata mwenye simu ya kioo kilichopasuka anausikia.

Jambo hili si geni kwetu. Marehemu mama alisoma kwenye kampeni ya redio ya Mtu ni Afya mwaka 1973, iliyofikia watu wapatao milioni mbili nchini. Alikuwa akinisimulia: mnakaa chini ya mwembe, mnasikiliza kipindi, redio inazimwa, kisha mnaulizana. Kwetu sisi choo kinafaa kuchimbwa wapi? Nani ataanza? Redio haina masikio, kwa hiyo wenye kampeni waliandaa kikundi, kitabu na kiongozi wa kuuliza. Simu yangu inaweza kunisikia na kunijibu, halafu natumiwa kurasa 84!

Nawaomba wakufunzi na vyuo: kateni video, wekeni swali kila baada ya kipande, na jibu likikosewa semeni kwa nini. Mifano itoke stoo, sokoni na shambani kwetu. Video ziwe na njia ya kupakuliwa kwa ubora mdogo, tuangalie bila bando.

Mwezi ujao nataka kujiandikisha kozi ya kodi. Kabla ya kulipa nitaomba nioneshwe somo la kwanza, nihesabu lina maswali mangapi.

Karani wa stoo,
Pongwe, Tanga