Shukrani kwa mama wa kitenge cha njano, Coaster ya Tukuyu

Mama, sikukuuliza jina, ndiyo maana nakushukuru hapa hadharani. Mimi ni yule kijana wa viazi aliyepandia Isyonje, akakaa kwa tako moja njia nzima.

Miaka miwili mguu wa kushoto uliniwaka kama umeme, kutoka kiunoni hadi kidole gumba. Nilishachuliwa, nikachanjwa chale, nikanywa mizizi hadi ulimi ukafa ganzi. Nyumbani walishaamua kuwa nimerogwa. Wewe ulicheka tu: "Mwanangu, mguu hauna kosa. Neva imebanwa kiunoni. Nenda kwa watu wa fiziotherapia." Ukaikunja kanga yako ikawa kama ngumi, ukaipachika kwenye tundu la kiuno changu. Nilifika Uyole bila kuuma meno.

Nilikwenda. Nikapewa mazoezi, nikaambiwa nitembee kila asubuhi (na baridi yetu hii!), nilale na mto katikati ya magoti, nisibebe lumbesa, yale magunia ya viazi yaliyojazwa kupita kiasi. Hilo la mwisho ndilo lililonitesa, maana lumbesa ndiyo ugali wangu. Sasa nalipa vijana wanibebee, faida imepungua, lakini usingizi nimeupata. Na lile onyo lako, kwamba nikihisi ganzi sehemu za siri au mkojo ukikataa nikimbilie hospitali siku hiyohiyo, daktari alilirudia vilevile. Ulikuwa nesi nini?

Sijapona kabisa. Ila kanga yako niliondoka nayo. Nipo Mwanjelwa, upande wa viazi, imefuliwa. Njoo uichukue na debe lako.