Kwa shoga yangu wa Marafa, kuhusu walimu wanaokuja na kuondoka

Faza, Kisiwa cha Pate

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Kusi limeanza na boti za Mokowe zimekuwa za kubahatisha, ndiyo maana jibu langu limekawia. Nimefurahi mno kusikia wamekuingiza kwenye bodi ya shule. Umeniuliza mtafanyaje ili mpate walimu wazuri na msiwapoteze. Nimekaa na walimu wa visiwani muda mrefu, wa kwetu na wa kuja, na ninavyoona mimi, nguvu zenu nyingi ziwekeni kwenye muhula wa kwanza wa mwalimu. Hapo ndipo wengi huamua kukaa au kwenda zao.

Kuajiri kuna wenyewe. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ndiyo inayotangaza nafasi, na miaka ambayo mtu amengoja tangu amalize chuo imekuwa ikihesabiwa kwenye alama za mahojiano. Bodi haiwezi kusema inamtaka fulani kwa kuwa anasomesha vizuri. Mlio na sauti juu yao ni walimu wa bodi, wale wanaolipwa kwa pesa za wazazi. Hapo nakuomba usikubali achukuliwe yeyote tu kwa kuwa anakubali mshahara mdogo. Mwiteni asomeshe kipindi kizima, nanyi mkae nyuma mtazame. Angalieni kama anamwona yule mtoto wa pembeni asiyeinua mkono.

Watu husema walimu hawakai huku kwa sababu ya pesa. Lamu inahesabiwa eneo la mazingira magumu, na mwalimu wa TSC hupata marupurupu kwa ajili hiyo, lakini maombi ya uhamisho hayaishi. Usalama nao umetuumiza, sitakuficha. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, walimu wengi wa bara waliondoka, na shule za upande wa msitu wa Boni, kama Basuba, Mangai, Milimani, Mararani na Kiangwe, zilifungwa miaka. Mtu akihofia roho yake hakuna bodi ya kumzuia. Lakini wengi niliowaona mimi wakitoka Pate waliondoshwa na upweke na chumba kibovu.

Nikwambie ya msichana mmoja kutoka magharibi ya nchi, aliyeletwa shule moja ya kisiwani kufundisha sekondari msingi. Alikuwa mwanagenzi, katika ule mpango wa TSC wa kuwalipa walimu wanagenzi shilingi 20,000 kwa mwezi. Alikuja na godoro limefungwa kamba, mtungi mdogo wa gesi na begi moja. Siku hiyo maji yalikupwa mapema, boti ikakwama kwenye mlango wa bahari wa Mkanda mpaka maji yalipojaa tena. Kushuka, hakuna wa kumpokea. Mwalimu mkuu yuko Lamu mjini, na ufunguo wa chumba haujulikani uliko. Akalala kwa jirani asiyemjua. Chumba alichopewa kesho yake kilikuwa na dirisha lisilo na wavu, na maji ya kisima yalikuwa ya chumvi. Zikapita siku kabla ya mtu kumwambia kuwa maji ya kunywa huchotwa jabiani, kwenye birika la maji ya mvua, na nani wa kuombwa. Muhula ulipofungwa akaaga, hakurudi. Watoto walikuwa wameanza kumpenda.

Kuna kijana mwingine, wa Kitui, aliyefikia shule nyingine hapa hapa. Kina mama wa bodi walikuwa wameshafagia chumba, wakatia wavu, wakamjazia ndoo mbili za maji ya jabia. Mzee mmoja akamtembeza mtaani akamjulisha kwa wazee na kwa wenye boti, na akaulizia Wakristo wenziwe husali wapi ili asipate tabu Jumapili. Huyo bado yuko.

Na si makao peke yake yaliyomkalisha. Alikuwa hodari wa hisabati, lakini gredi ya nne ilimshinda kwenye kutoa kwa kukopa. Anaandika 52 toa 27, darasa zima linamjibu 35, kwa sababu watoto walitoa 2 kwenye 7. Anarudia kwa sauti kubwa zaidi, wanamjibu 35. Mwalimu wa gredi ya tatu, mama mtu mzima, akaomba kukaa kwenye kipindi chake, akakaa asiseme neno. Jioni akamletea njiti za kiberiti zimefungwa uzi kumi kumi. Kesho yake kijana akaweka mafungu matano na njiti mbili juu ya meza, akafungua fungu moja, watoto wenyewe wakahesabu 12, wakaondoa 7. Yule mtoto wa kwanza kupata 25 alipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. Mwalimu aliyeonja siku kama hiyo hukaa, shoga.

Mafunzo ninayoyaamini ni hayo. Mwaka 2021 TSC ilileta mafunzo ya kujiendeleza ambayo mwalimu alitakiwa ayalipie mwenyewe, shilingi 6,000 kwa mwaka, na walimu wakalalamika kwa haki. Kuna na TPAD, ile fomu ya TSC ya kumpima mwalimu kazi yake, inayojazwa mtandaoni hata kule ambako mtandao ni wa kuvizia. Tathmini siikatai, ila fomu haikumfundisha kijana wa Kitui kufungua fungu la njiti. Mwombeni mwalimu mkuu wenu ampunguzie mgeni kipindi kimoja kwa wiki, akakae kwenye darasa la mwenziwe, na mwenziwe akakae kwake. Najua walimu ni wachache na atawaambia haiwezekani. Msikome kumwomba.

Jambo jingine linaniuma. Mwaka 2018 ulipoanza ule uhamisho wa kuwapeleka walimu mbali na kwao, tulinyang'anywa watu waliozoea bahari na wazazi wetu, na ilichukua miaka kabla ya mambo kulegezwa. Tunahitaji wageni, lakini tunahitaji na watoto wetu warudi kusomesha. Cheti cha P1 cha ualimu wa shule za msingi kiliondolewa ikaja stashahada, na kuingia chuoni kukawekewa alama ya C ya kidato cha nne. Mtoto wa Kizingitini, hapa hapa kisiwani, aliyepita kidato cha pili bila mwalimu wa hisabati ataitoa wapi hiyo C? Nyinyi anzeni mapema. Watafuteni wasichana na wavulana wa kidato cha tatu wanaopenda kusomesha wadogo zao, muwatafutie masomo ya jioni, na basari ya masomo waiombe mkiwa pamoja nao, mpaka wafike chuo cha ualimu cha Shanzu.

Umesema bodi inakutana kabla ya shule kufunguliwa. Nenda kwanza kwenye nyumba ya walimu, ufungue kila mlango, uangalie choo na tangi la maji, halafu niandikie ulichokikuta. Kama vyavu ndivyo vinavyokosekana, tunaye fundi hapa anayevitia kwa bei nzuri, nitakutumia vipimo.

Nisalimie mama na shemeji, na watoto wote.

Shogako akupendaye,
wa Faza