Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Rungwe: misitu ya matambiko ipimwe

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Mipango ya matumizi bora ya ardhi inapoandaliwa vijijini, huulizwa mashamba, shule, zahanati na makaburi. Msitu wa matambiko mara nyingi hauulizwi, na si rahisi mzee ausimamie mwenyewe kwenye mkutano ambako wachungaji wa makanisa wamekaa mbele. Naomba uulizwe.

Huku Unyakyusa misitu hiyo ndiko walikozikwa malafyale, yaani watemi wetu. Lubaga, kwa Lwembe, mtemi mkuu wa matambiko, paliheshimiwa hata Wakinga wakavuka milima kuja kutambika. Hakuna aliyekata mti pale. Tusidanganyane, wazee hawakuwa na habari ya kuhifadhi mazingira. Waliwaogopa waliolala humo. Ila woga huo ndio uliobakiza miti ya asili katikati ya migomba na chai, na kivuli chake kikalinda vijito tunavyochota.

Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe 1891, utemi ukafutwa 1963, na woga nao ukapungua. Siku hizi parachichi lina bei. Kijana mwenye panga haoni kaburi pale, anaona nusu ekari isiyo na mwenyewe, na mikaratusi imeshateremka mpaka kijitoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, lakini nani anazipima? Mpaka wa msitu wa mila haukuhitaji futi kamba.

Mpimaji aongozane na wazee wa ukoo wenye msitu, asiishie kwa mtendaji. Mpaka ukishaandikwa, kijiji kitunge sheria ndogo; Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kutenga hifadhi yake. Wachungaji nao waitwe. Wengi ni wajukuu wa waliozikwa humo, na waumini wao wanakunywa maji hayohayo.

Tafadhali, msiigeuze vivutio vya utalii. Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu vinawatosha wageni. Mkiweka geti na tiketi, wazee hawataingia tena, na msitu usio na wazee hao utalindwa na mgambo mmoja anayelala saa tatu usiku.

Wanaoijua mipaka yote ni wachache, na magoti yao hayapandi mlima kwenye utelezi. Kazi hii ipangwe kiangazi, mvua zisiikute njiani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Tukuyu