Mjomba ananiita fundi wa kuungaunga

Shangazi, shikamoo.

Nimekesha. Sijapata la kumjibu mjomba, na jibu analitaka. Kwa sisi Waluguru, tunaofuata ukoo wa mama, unajua mwenyewe mjomba ni nani, sina haja ya kukueleza. Lakini kuniita fundi wa kuungaunga, gerejini kwangu, wateja wanasikia! Limenikaa kooni.

Gari lake ni Land Rover 109, ile ndefu, Series IIA ya 1964, ya petroli, usukani kulia. Nyaya zake zimekwisha: ganda limekauka, ukilikunja linakatika, na ndani shaba imeota kijani. Kwamba wayaringi ibadilishwe yote, hapo hatubishani. Ugomvi ni hanesi ipi, yaani lile fungu zima la nyaya za gari. Binamu ametuma kutoka Marekani ile ya magari yote, kila waya umeandikwa kazi yake, na boksi la fyuzi za kisasa. Mjomba anasema hapo hata mtoto atafunga. Mimi nasema tuagize Uingereza iliyotengenezwa kwa gari hilihili.

Usinielewe vibaya, hanesi ya binamu si mbaya. Ganda la nyaya zake linahimili joto la nyuzi 125, plastiki ya zamani haifiki huko. Na fyuzi zake ningezitamani, maana Land Rover hii ilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazipiti hata moja kati ya hizo. Waya wa taa ukigusa bodi, unaungua wote mpaka kwenye swichi. Hilo nalijua kabla mjomba hajaniambia.

Tatizo ni kwamba imepangwa kwa magari ya GM, General Motors ya Marekani. Soketi ya usukani ni ya GM, ya alteneta ni ya GM, kwetu zote zinakatwa. Breki ndiyo mbaya zaidi. Magari mengi ya Marekani taa ya breki na indiketa ni balbu moja, kwa hiyo waya wa breki unapanda kwanza kwenye swichi ya indiketa halafu ndiyo unashuka nyuma. Land Rover inataka waya wa kijani wenye mstari wa zambarau utoke swichi ya breki uende moja kwa moja kwenye taa zote mbili za nyuma. Ukiifunga ilivyokuja, ama breki haziwaki ama indiketa inawaka nyuma mahali pa breki. Halafu nyaya zake huja ndefu, kila mwisho unakatwa na kubanwa terminali upya, na swichi zote za dashibodi ya Land Rover zinabaki zilezile. Sasa niambie, Shangazi, nani hapo anaungaunga?

Wala sikumwambia kwamba ya Uingereza unaiagiza kwa kutaja mwaka peke yake. Hapo wengi ndipo wanapoumia. Gari la 1964 taa zake kubwa ziko katikati, kwenye grili. Zilihamia kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukiletewa ya baadaye, vipimo vya mbele havikubali. Ukiletewa ya 88, Land Rover fupi, nyaya za nyuma hazifiki. Tena gari la mwaka huo lilikuja na dainamo na ethi ya chanya, yaani bodi imeungwa kwenye chanya ya betri; hili letu lilishawekwa alteneta na ethi ikageuzwa hasi. Ukiandika 1964 bila maelezo, utaletewa nyaya za dainamo na za regyuleta yake, na waya wa kuchaji uliopimwa kwa ampea 22. Alteneta iliyomo ni ya 65. Zipitishe hizo kwenye ammita ya dashibodi, ile saa ya kupima ampea, ambayo mshale wake unaishia 30 uone moshi. Nimeshamwambia: waya wa kuchaji uwe wa milimita mraba 10, utoke alteneta uende kwenye nguzo ya betri pale kwenye solenoidi ya stata, na fyuzi yake kubwa karibu na betri. Ammita itoke, iwekwe voltimita.

Nikamwambia pia tuongeze boksi dogo la fyuzi na rilei mbili za taa, zile swichi zinazowashwa kwa umeme. Waya wa bluu na nyeupe wa fulu uishie pini 86 ya rilei moja, wa bluu na nyekundu wa dimu 86 ya nyingine, 85 ethi, 30 itoke betri, 87 iende kwenye taa kwa waya wa milimita mraba 2, na taa ya kushoto iwe na fyuzi yake na ya kulia yake ili moja ikikata asibaki gizani barabarani. Balbu mbili za wati 55 zinavuta zaidi ya ampea 9. Kwenye waya wa milimita mraba 1 wenye mita tano hiyo ni karibu volti 0.8 imepotea njiani, na ndiyo maana taa zake zimefifia kila siku akilaumu balbu.

Haya ndiyo aliyoyaita kuungaunga. Haya!

Ethi sikugusia, alishakasirika. Bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, boliti zikiota kutu umeme unatafuta njia nyingine. Kila taa inataka waya wake mweusi urudi chesisi, na betri, injini na chesisi ziunganishwe kwa waya mnene. Wakati wa kuondoka akatupia kwamba nikishindwa kabisa ninunue marobota ya waya wa bei poa. Ule ukikwangua kwa kisu, chini ya wekundu ni mweupe, aluminiamu iliyopakwa shaba. Mimi niufunge huo?

Kazi siitaki tena. Atafute fundi mwingine. Ila gari liko uani kwangu, dashibodi imeshavuliwa na kila mwisho wa waya nimeufunga kikaratasi chenye jina, na mtu asije akaligusa.

Hela si hoja, sijamtajia hata ya ufundi. Kinachonisumbua, Shangazi, ni hiki: niifunge tu hiyo ya binamu nikae kimya, nikijua gari likiungua jina litakuwa langu? Au nimpigie binamu mwenyewe aombe kuirudisha, ambako ni kumruka mjomba, na kumwambia kijana wa watu kwamba zawadi yake haifai? Binamu ni mwelewa, naye angekubali. Nikikumbuka tu lile neno la kuungaunga simu naiweka chini. Kwani kosa langu lilikuwa lipi, kuuliza taa ziko kwenye grili au kwenye mabawa?

Boksi halijafunguliwa, plastiki yake ingalipo. Wauzaji wa huko hawapokei kilichokatwa hata waya mmoja. Mjomba amesema Jumamosi anakuja na koleo lake.

Mpwa,
Morogoro