Barua ya malalamiko: Mlituuzia Bus Stop, mkatukalisha kwingine

Newark, New Jersey
23 Septemba 2024

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana au Bi Meneja,

KUH: TIKETI MBILI ZA MBIO ZA MAGARI ZA NASCAR, WATKINS GLEN, JUMAPILI 15 SEPTEMBA 2024

Nimewapigia simu mara mbili tangu turudi, na mara zote mbili nimejibiwa kwamba mbio nilizolipia nimeziona, kwa hiyo hakuna cha kurudishiwa. Sikubaliani na jibu hilo, na sasa naliweka suala langu kwa maandishi ili nanyi mnijibu kwa maandishi.

Nililipa dola 640 kwa watu wawili, mimi na baba yangu. Kwa ujumbe wenu wa WhatsApp wa tarehe 2 Agosti, pesa hizo zilikuwa za basi la kwenda na kurudi kutoka Newark, matembezi mafupi katika kijiji cha Watkins Glen, jimbo la New York, kabla ya mbio, redio mbili za kusikilizia mazungumzo ya madereva, na "nafasi mkabala na Bus Stop". Nimenakili maneno hayo ya mwisho kama mlivyoyaandika; Bus Stop si kituo cha basi, ni jina la sehemu ya kona za ghafla katika njia ya mbio. Katika hayo manne tulipata basi tu, na lenyewe lilichelewa.

Suala kubwa ni nafasi, nami naomba mnisomee kwa makini hapa. Dada aliyepokea simu yangu Jumanne aliniambia, "Kaka, hizo ni mbio za kuzunguka, ukikaa popote utaziona." Aliongea kwa upole na sidhani alikusudia kunidanganya. Lakini kama hivyo ndivyo kampuni nzima inavyoamini, basi mnauza kitu msichokijua.

Kuna viwanja vya NASCAR ambavyo maneno ya dada yule yangekuwa kweli. Bristol ni mviringo wa karibu nusu maili, na aliye jukwaani anaifuata gari aipendayo tangu bendera ya kijani ya kuanzia mpaka ya mwisho bila kuipoteza. Watkins Glen si mviringo. Ni njia ya maili 2.45, karibu kilomita nne, iliyolazwa juu ya kilima kati ya miti, inayopanda na kushuka, yenye kona za kulia na za kushoto. Aliyekaa karibu na mstari wa kuanzia anaziona gari zikitoka kona ya mwisho, zinapita kwa kishindo, zinaingia kona ya kwanza kwa mkono wa kulia, kisha zinapanda Esses, zile kona za kupinda huku na huku mfululizo, na kupotea. Atakaa dakika nzima akisikia ngurumo tu ndipo azione tena. Hata timu zenyewe zinalijua hilo. Kwenye viwanja vya namna hii huwa zinaweka wasaidizi zaidi ya mmoja wa kumwangalizia dereva, kila mmoja na upande wake, kwa sababu hakuna jicho moja linaloona njia yote. Ndiyo maana mtu anayenunua tiketi ya Watkins Glen ananunua kona. Mimi nilinunua Bus Stop.

Na Bus Stop haikuwa chaguo langu. Ilikuwa ya Baba.

Baba ana miaka 70, anatoka Nakuru, na amekuja Marekani kwa mara ya kwanza mwaka huu kututembelea. Alikuwa kijana wa miaka 20 dereva Joginder Singh aliposhinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya kwetu Afrika Mashariki, kwa mara ya pili, 1974. Miaka hiyo yeye na wenzake walikuwa wakitoka nyumbani usiku, wanatembea mpaka mahali walipopachagua, wanalala kando ya barabara na blanketi, ili asubuhi waione gari moja kwa sekunde kumi. Anasema ujuzi wote ulikuwa kwenye kuchagua mahali. Usikae penye barabara nyoofu, kaa pale dereva anapolazimika kuamua. Kwa hiyo nilipomwambia nitampeleka kwenye mbio, hakuuliza nani anaendesha. Aliuliza, "Tutasimama wapi?"

Nikamchapishia ramani ya uwanja. Alikaa nayo mezani jioni nzima, miwani puani, penseli mkononi, akifuata njia kwa ncha ya penseli kama anayeendesha. Nilimweleza ninayoyajua. Kwamba zamani gari zilifika mwisho wa ile njia nyoofu ya nyuma kwa kasi kubwa mno, na baada ya ajali mbaya za 1991, mojawapo ikiwa ile iliyomuua dereva J.D. McDuffie, wakaongeza mwaka uliofuata kona nne za ghafla, kulia, kushoto, kushoto, kulia, ili kuzipunguza mwendo. Hiyo ndiyo Bus Stop. Gari ya zaidi ya tani moja na nusu inakuja mbio, breki zinakanyagwa, inarushwa juu ya kingo upande huu na upande ule, kisha inaingia kona ndefu ya kulia. Baba alichora duara hapo, akalikoleza mara ya pili. Akasema, "Mtu atakosea hapa." Kesho yake ndipo nikawaandikia ninyi, nikawauliza kama mna nafasi Bus Stop. Mkajibu mnazo, kwa bei ya juu kuliko nyingine. Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Sasa siku yenyewe. Mlisema basi litaondoka saa kumi na moja alfajiri. Liliondoka saa moja na nusu. Baba alisimama kwenye kituo cha mafuta kwa zaidi ya saa mbili, amevaa koti lake la kanisani, ameshika chupa ya chai, na hakuna aliyetoka kwenu kuja kutuambia kinachoendelea. Tulifika kwenye foleni ya kuingia uwanjani saa saba imeshapita. Kijijini hatukuingia kabisa. Nilitaka sana Baba asimame Franklin Street, mbele ya mahakama ya kaunti, pale zilipoanzia mbio za kwanza za 1948, wakati gari zilipokuwa zikishindana kwenye barabara za kawaida za watu, zikipita katikati ya maduka na kwenda kuzunguka mashambani. Mtu aliyekulia kando ya njia ya Safari angeielewa barabara ile kuliko watalii wengi. Kwa hilo peke yake nisingeandika barua, maana foleni ni foleni. Lakini foleni ile tungeikwepa kama basi lingetoka kwa wakati.

Tulipoteremka, kijana aliyetuongoza alitugawia tiketi. Nikaisoma yangu, nikamwambia hizi si za Bus Stop, hizi ni za jukwaa la mbele, tena safu za chini. Akasema nafasi za Bus Stop zilijaa na ofisi ilibadilisha. Lini? Hakujua. Mbona hatukuambiwa? Hakujua. Nikauliza redio ziko wapi, akasema zimebaki ofisini. Nikataka kwenda kukodi kwa pesa zangu, lakini mstari wa kukodi ulikuwa mrefu na magari yalishaanza kuwashwa. Wakati huo Baba alifungua ramani yake, akamwonyesha kijana yule lile duara, akamwambia kwa adabu kabisa, "Kijana wangu, sisi tulilipia hapa." Kijana akacheka kidogo, akamjibu, "Mzee, keti tu. Gari ni gari." Wazee wetu hawajibiwi hivyo. Mlimwajiri kijana anayejua Kiswahili ili tuhudumiwe kama nyumbani, mfundisheni basi kuhudumu kama nyumbani.

Tukaketi. Bendera ya kijani ikashuka, gari 38 zikaingia kona ya kwanza, zikapanda, zikatoweka. Ziliporudi mbele yetu zilikuwa pungufu. Hatukujua kwa nini. Baadaye ndipo tukasikia kwamba Ryan Blaney, bingwa wa 2023, mbio zake zilikuwa zimekwisha hapo hapo kwenye raundi ya kwanza, na palipomwishia ni Bus Stop. Baba alinigeukia bila kusema kitu.

Mwisho ulikuwa mzito zaidi. Mbio zilipangwa raundi 90, zikapitiliza hadi 92. Aliyeongoza wakiingia raundi ya mwisho alikuwa Shane van Gisbergen wa New Zealand, ambaye Baba alishampenda tangu nimsimulie jinsi alivyokuja Chicago mwaka 2023, hajawahi kushiriki mbio za daraja la juu la NASCAR, akashinda siku yake ya kwanza kwenye barabara za mjini. Nyuma yake alikuwa Chris Buescher, gari namba 17. Walipita mbele yetu van Gisbergen akiwa mbele. Wakapanda Esses. Kisha tukasikia watu wa upande wa pili wa kilima wakipiga kelele, kelele ambayo mtu aliyewahi kuwa kiwanjani anaijua, ya jambo kubwa limetokea. Skrini iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imepigwa na jua, haionekani kitu. Baba alisimama, mikono ameishika kwa nyuma, anatazama kona ya mwisho. Ikatoka namba 17 ikiwa mbele.

"Imekuwaje?" Baba akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilisafiri naye zaidi ya saa tano, nimelipa dola 640, na katika jambo moja alilotaka kulijua sikuwa na la kumwambia. Mzungu mmoja aliyeketi mbele yetu, mwenye redio masikioni, ndiye aliyegeuka akatuambia kwamba van Gisbergen aliteleza kule Bus Stop, Buescher akampita. Baba akatoa ramani mfukoni, akaifungua, akalitazama duara lake, akaikunja tena mara nne, akairudisha. Hakuzungumza mpaka Newark.

Mmenipa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Silitaki. Baba hatakuwapo safari ijayo, na mbio za tarehe 15 haziwezi kurudiwa ili azione kutoka pale alipopachagua.

Ninachodai ni hiki. Basi lilitupeleka na kuturudisha salama, na dereva wake alikuwa mtu makini anayestahili shukrani, hivyo nauli ya dola 80 kwa kila mmoja kaeni nayo. Tiketi tulizopewa zimeandikwa bei yake ya dola 85 kila moja, nazo pia sizidai kwa kuwa tulizitumia. Zinabaki dola 310, ambazo ni za nafasi ya Bus Stop tusiyokalia, redio tusizozigusa na matembezi yasiyokuwapo. Hizo nazitaka zote, na nizipate kabla ya tarehe 14 Oktoba. Zikichelewa nitaomba benki yangu izuie malipo ya kadi, nami nitapeleka nakala ya barua hii kwenye ofisi ya jimbo inayolinda wateja. Sipendi kufika huko na kampuni ya watu wa kwetu, ila nitafika.

Kuna jingine ambalo si la pesa. Mmeshaanza kutangaza safari ya Watkins Glen ya 10 Agosti 2025, na tangazo lina maneno yale yale, "nafasi mkabala na Bus Stop", na juu yake mmeandika "uwanja maarufu wa mviringo". Ondoeni neno mviringo. Kisha kabla hamjapokea pesa ya mtu, mtumieni ramani na mwonyesheni kwa alama atakapokaa, na kama nafasi ikibadilika, mwambieni siku hiyo hiyo ili aamue mwenyewe kama bado anakwenda. Kuna familia mbili za hapa kwetu zilizoniuliza wiki hii kama wajiandikishe nanyi. Nimewaambia wasubiri nione jibu lenu.

Kwa kijana yule sidai afukuzwe kazi. Nadai ampigie Baba simu, amwombe radhi. Namba mnayo kwenye fomu ya safari.

Baba anaondoka kurudi nyumbani tarehe 6 Novemba. Wenzake wa enzi za Safari, wale waliobaki, wameshampigia kuuliza mbio za Marekani zilikuwaje, na amewaambia atawaeleza akifika. Ningependa barua yenu ya majibu iwe mkononi mwake kabla hajapanda ndege.

Nimeambatisha nakala ya ujumbe wenu wa tarehe 2 Agosti, risiti ya malipo, tiketi zote mbili zinazoonyesha jukwaa na safu, na nakala ya ramani yenye duara la penseli. Ile halisi Baba amekataa kuitoa.

Wenu,
Mteja mwenye risiti iliyoambatishwa